Skhole: Mapumziko Yaliyozaa Shule

Mwanafunzi anayeamka kabla ya jua kuchomoza, akakimbilia shule na madaftari kwapani, huenda asisadiki kwamba jina la mahali aendapo lilikuwa hapo kale jina la mapumziko. Lakini ndivyo. Neno "shule" tulilipokea kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika kabla ya Vita Vikuu vya 1914, na "skuli" la Unguja na Pemba lilitoka kwa Waingereza. Yote mawili yamepitia Kilatini, na asili yake ni neno moja la Kiyunani cha kale, skhole.

Maana yake haikuwa usingizi, wala kujinyoosha mkekani baada ya jembe. Mapumziko ya namna hiyo Wayunani waliyaita anapausis, na Aristotle aliyaona kuwa ni msaidizi wa kazi tu: mtu hupumzika ili apate nguvu ya kuirudia. Skhole ni wakati ambao mtu hashurutishwi na tumbo wala na bwana, akautumia kwa mazungumzo, kwa muziki, na kwa kutafuta elimu kwa ajili ya elimu yenyewe. Neno letu "nafasi" linaikaribia kuliko "mapumziko". Kwao hiyo ndiyo iliyokuwa asili, na shughuli ni upungufu wake. Ndiyo maana kazi waliiita askholia, yaani kukosa skhole. Aristotle alishikilia kwamba watu hufanya kazi ili wapate nafasi, kama wapiganavyo vita ili wapate amani. Baadaye jina likahamia kwenye mazungumzo ya wenye elimu, kisha kwenye mahali pao pa kukutania.

Hata hivyo hatuwezi kulisifu neno hili bila kuuliza ni nani aliyelipa gharama yake. Huko Athens nafasi ya wachache ilibebwa na watumwa waliochimba madini ya fedha Laurion, na wanawake waliosokota na kufuma sufu majumbani. Aristotle alijua vema kwamba mtumwa hana skhole, wala hakuona kuwa ni dhuluma. Sisi tunaona ni dhuluma, na hoja yake tunamgeuzia mwenyewe: ikiwa nafasi ndiyo mwanzo wa fikira, basi kumnyima mtu nafasi ni kumnyima sehemu ya utu wake. Mtoto anayetoka darasani akaingia masomo ya ziada hadi usiku, akikariri majibu ya mtihani, yumo shuleni, ila kwa Kiyunani tungelazimika kusema yumo katika askholia. Dada yake aliyeachwa nyumbani ateke maji hana hata hilo darasa.