Anatumwa Dukani, Haulizwi Neno

Mtoto wa miaka minne wa Nyasho, Musoma, hutumwa chumvi na sarafu ya shilingi 500 ikiwa imebanwa ngumini. Akirudi na chenji kamili anaambiwa, "Haya, kalete na maji." Hakuna anayemuuliza muuzaji alisema nini, au kwa nini amechelewa pale wanapoanika dagaa. Kazi tumemwamini nayo. Maneno bado.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua 8, na tatu za mwanzo humalizika kabla ya darasa la kwanza au karibu na hapo. Mwaka wa kwanza na ushee, mtoto hupima kama akilia ataitikiwa. Hadi karibu miaka 3 hung'ang'ania kujifanyia mambo mwenyewe, na akikwamishwa sana hujaa haya na mashaka. Baada ya hapo huanza kubuni, kuuliza na kuongoza michezo. Akikemewa kila mara, hujiona mkosaji hata kabla hajakosea. Umri huo ni wa makadirio, maana watoto hawasomi vitabu vyetu.

Hatua ya kwanza hatuna haja ya kuionea aibu. Mtafiti Mary Ainsworth alifuatilia familia 26 za Buganda mwaka 1954 na 1955, kando ya ziwa hilihili la Musoma. Aliona kwamba kubebwa na mikono mingi hakumzuii mtoto kushikamana na mama yake. Lenye uzito ni mama kuzitambua ishara za mwanawe na kuziitikia. Bibi yeyote wa Butiama angemwambia hivyo bila kumtoza nauli.

Mambo hubadilika mtoto anapoachishwa ziwa na kukabidhiwa dada yake wa miaka saba, ambaye naye bado analelewa. Robert LeVine, aliyechunguza malezi ya Wagusii wa Kenya, majirani wa Wakurya wa Tarime, alikuta akina mama wepesi wa kumnyonyesha na kumtuliza mtoto anayelia, lakini maongezi na mtoto yalikuwa machache, na alipokua kidogo mengi yalikuwa maagizo. Kaa uani kwa mtu Bunda asubuhi moja usikilize: njoo, toka, acha, nyamaza. Wa miaka miwili akitaka kushika kikombe cha uji mwenyewe, ukamwagika, huulizwa, "Huoni haya?" Hilo ndilo swali pekee atakaloulizwa siku hiyo, na jibu lake halitakiwi.

Wapo wanaomtaja Mwalimu Nyerere kuonyesha kwamba malezi haya hayana kasoro. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akachunga mbuzi, akaanza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12, na akaongoza nchi. Hoja nzuri, ila wachungaji wenzake wa rika lile hawahesabiwi.

Siwalaumu wazazi kwa kutuma watoto. Kutumwa ni shule ya uthubutu ambayo watoto wengi wa mijini wameikosa. Kinachopungua ni mazungumzo, nayo hayanunuliwi. Utafiti uitwao EFFECTS, uliofanywa katika vijiji 80 vya mkoa huu wa Mara, uliwakutanisha wazazi katika vikundi chini ya wahudumu wa afya ya jamii. Vikundi vingine vilifundishwa lishe tu, vingine lishe pamoja na kucheza na kuongea na mtoto, na katika baadhi ya vijiji akina baba nao waliitwa. Watoto wa waliofundishwa yote mawili waliwazidi wa lishe peke yake katika utambuzi na kuelewa lugha.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa hadi miaka 8. Programu ni ndefu hata kwa jina, na kufika kila kaya kutachukua muda. Baba unayesoma haya, usiingoje: mtoto akirudi dukani leo, muulize ameona nini njiani, halafu nyamaza wewe mpaka amalize.