Istihadha haikuzuii swala, basi isikuzuie na hospitali



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya afya na usafi leo tunazungumza na akina mama na mabinti. Lakini nanyi akina baba msiufunue ukurasa haraka, kwani yapo maneno yanayowahusu. Tunazungumzia damu inayomtoka mwanamke nje ya siku zake, ile ambayo katika fiqhi tumezoea kuiita istihadha.

Mwanamke wa Kiislamu ni mtu wa hesabu. Tangu siku anayovunja ungo, mama, shangazi au bibi humfundisha kuhesabu siku zake. Anajua ni lini aache swala, ni lini aoge josho, na ni siku ngapi za Ramadhani anadaiwa. Hii ni elimu kubwa.

Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hedhi haipungui usiku mmoja na mchana wake, aghalabu huwa siku 6 au 7, na haizidi siku 15. Aidha twahara iliyo baina ya hedhi mbili haiwi chini ya siku 15. Damu iliyo nje ya mipaka hiyo ni istihadha. Bibi Fatuma bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa damu haimkatiki, je, aache swala? Akafahamishwa kuwa damu ile inatoka kwenye mshipa na si hedhi. Aache swala kwa kadiri ya siku zake za kawaida, kisha ajitwaharishe na kuswali.

Sasa tazama hapa, dada yangu. Hukumu hii inajibu swali la ibada: niswali au nisiswali? Kuna swali la pili ambalo ni la tabibu: damu hii inatoka wapi, na kwa nini? Wengi wetu tukishapata jibu la kwanza tunatosheka, na hapo ndipo tunapoangamia.

Mfano wa mama mmoja

Chukua mfano wa mama wa miaka 55. Hedhi yake ilikoma miaka mitatu iliyopita. Siku moja anaona tone la damu. Anamweleza jirani yake, naye anacheka na kumwambia, "Shoga, ujana umerudi huo." Mwingine anamnong'oneza kuwa ni jini. Yeye anajisafisha, anafunga kitambaa, anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, na hakuna swala inayompita. Miezi minane inakwenda hivyo. Baadaye inaanza harufu mbaya, kisha kiuno, kisha mguu unavimba. Anapofikishwa hospitali, anaambiwa saratani ya shingo ya kizazi imekwishasambaa.

Mfano huu tumeutunga ili tuelewane, lakini hali kama hiyo ipo mitaani kwetu. Ibada ya mama huyu ilikuwa sahihi. Kilichomkosesha ni kudhani kuwa damu isiyozuia swala ni damu isiyo na madhara.

Dalili za kukupeleka kwa daktari

Si kila istihadha ni saratani, wala tusitishane. Damu inaweza kuvurugika kwa sababu ya njia za uzazi wa mpango kama sindano na vijiti, uvimbe kwenye kizazi, maambukizi, au homoni kutokuwa sawa, hasa kwa mabinti waliovunja ungo karibuni na akina mama wanaokaribia kukoma hedhi. Mengi kati ya haya yana tiba. Lakini usikae nyumbani ukiona moja kati ya haya:

- Damu yoyote, hata tone moja, baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi kwa sababu ya umri.
- Damu baada ya tendo la ndoa.
- Damu ya katikati ya mwezi inayojirudia.
- Majimaji yenye harufu mbaya au yaliyochanganyika na damu.
- Hedhi inayozidi siku 8, au inayolowesha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa.
- Damu yoyote wakati wa ujauzito. Ikiwa umekosa siku zako, tumbo linauma sana upande mmoja na unasikia kuzimia, nenda saa hiyo hiyo, kwani huenda mimba imetunga nje ya kizazi.

Zingatia hapo kwenye siku 8. Mwanamke anayetoka damu siku 12 kila mwezi, kifiqhi anaweza kuwa bado yumo ndani ya hedhi yake, lakini kwa daktari damu hiyo ni nyingi. Matokeo yake ni upungufu wa damu: kuchoka, moyo kwenda mbio, kizunguzungu ukiinuka kutoka sijida. Ale maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau, na chai asiinywe papo kwa papo na chakula kwani hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Lakini chakula pekee hakitoshi kama damu bado inamwagika.

Kirusi kisichokuwa ushahidi wa zinaa

Karibu saratani zote za shingo ya kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waliugua saratani hii duniani na wapatao 350,000 walikufa, wengi mno wao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na hapa ndipo nyumba nyingi hugombana. Tafadhalini, tusituhumiane. Ni kirusi cha kawaida sana, mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe, na kikibakia huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 mpaka kuwa saratani. Huenda kilitoka katika ndoa iliyopita ya mke au ya mume. Kumpata nacho mkeo si ushahidi wa uchafu wa tabia.

Muda huo mrefu ni rehema, kwa sababu mabadiliko yanaweza kuonekana na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, na mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi tiba ya kugandisha kwa baridi au kuunguza kwa joto hutolewa siku ile ile. Kipo pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe. Mwanamke mwenye miaka 30 na kuendelea apimwe hata kama hana dalili yoyote. Anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25. Kipimo cha siki hurudiwa kila baada ya miaka 3.

Lakini elewa: kipimo cha siki hakioni vizuri kwa aliyekwisha koma hedhi. Na mwenye damu tayari asingojee siku ya upimaji wa bure. Amweleze daktari wazi kuwa anatokwa na damu, ili achunguzwe na ikibidi kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kikapimwe.

Kwa mabinti zetu ipo chanjo. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaingia katika utaratibu wa dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14. Mzazi usimfiche binti yako siku wanapokuja shuleni au madrasa.

Stara na usafi

Wengi hukimbia hospitali kwa haya. Haya ni katika imani, lakini sheria imeruhusu kumfunulia tabibu mahali penye ugonjwa kwa kadiri ya haja. Omba uhudumiwe na mwanamke, na una haki ya kuomba pazia na kanga ya kujisitiri. Nenda na dada yako au mumeo.

Aidha acha kujiosha ndani kwa sabuni, dawa za kuulia wadudu, limau, siki ya jikoni au shabu. Josho la wajibu halikudai uingize maji ndani, na dawa hizo huchubua na kuua bakteria wazuri wanaolinda uke. Ubaya zaidi, huficha harufu ambayo ingekuwa ndiyo taarifa yako ya kwanza. Osha nje kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika juani. Kama unaona haya, vifunike kwa kanga nyepesi kwenye kamba, lakini usivifiche chini ya godoro vikiwa vibichi.

Neno kwa akina baba

Mume, mkeo akikwambia anatokwa na damu, usiulize tu ni lini itakatika. Tafuta nauli, mwachie mtu watoto, mfuate hospitali. Na asipokwambia, jiulize kama umemwachia nafasi ya kukwambia.

Nawe dada, ile hesabu yako ya swala iandike. Weka alama kwenye kalenda siku damu inapoanza na inapokatika, na ni pedi ngapi umetumia. Daktari ataanza kukuuliza hayo hayo. Tumezoea kuhesabu kwa ajili ya ibada. Tuhesabu pia kwa ajili ya mwili, ambao ni amana tuliyopewa. Kesho asubuhi, kama una dalili moja tu katika tulizozitaja, swali Alfajiri yako, kisha uelekee kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Wabillahi tawfiq.