Uzito wa Mchezaji Hausomwi kwenye Mizani Pekee

Wazazi wengi hufurahi binti yao anapochaguliwa kuchezea timu ya mpira wa wavu. Lakini wako mabinti ambao, wakipanda mizani na kuona uzito umeongezeka, huanza kujinyima chakula. Hudhani kuwa aliye mwepesi ndiye arukaye juu zaidi. Dhana hiyo si sahihi, na inaweza kumgharimu binti afya yake.

Mwili ni mkusanyiko wa misuli, mifupa, maji, mafuta na viungo vya ndani. Mizani hujumlisha vyote bila kuvitenganisha. Tuchukue mfano wa mabinti wawili wenye kimo kimoja na uzito wa kilo 70 kila mmoja. Wa kwanza ana mafuta asilimia 20, yaani kilo 14. Wa pili asilimia 30, yaani kilo 21. Mizani huwaona sawa, kumbe wa kwanza anamzidi mwenzake kilo 7 za misuli na vitu vingine visivyo mafuta. Misuli ndiyo imwinuayo mchezaji kutoka ardhini. Ndiyo maana wataalamu wa michezo hawatosheki na mizani: hupima unene wa mikunjo ya ngozi kwa kifaa maalumu, au hutumia mashine za eksirei.

KILA NAFASI NA MWILI WAKE

Wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24. Wachezaji wa kati, wenye kazi kubwa ya kuzuia mipira ya wapinzani, kwa kawaida ni warefu. Libero, nafasi iliyoingizwa katika sheria za kimataifa mwaka 1998, hulinda nyuma na mara nyingi ni mfupi kuliko wenzake.

Hata urefu si kila kitu. Mireya Luis wa Kuba alikuwa na kimo cha mita 1.75 tu, lakini aliporuka mkono wake ulifika zaidi ya mita 3.30. Alikuwamo katika timu iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992, 1996 na 2000. Mruko wa namna ile hauletwi na njaa. Huletwa na misuli iliyolishwa na kufanyishwa mazoezi.

MAFUTA SI ADUI

Mwili wa mwanamke hauwezi kufanya kazi zake bila kiasi fulani cha mafuta. Binti afanyaye mazoezi makali huku akila kidogo huulazimisha mwili kubana matumizi. Hedhi huvurugika au hukoma, mifupa hudhoofika na huweza kupata nyufa, na misuli hupungua. Aliyetaka kuruka juu huishia kukaa pembeni akiwatazama wenzake. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tahadhari juu ya hatari hiyo.

Kwa hiyo, mama usione haya kumwuliza binti yako habari za hedhi yake. Ikikosekana miezi 3 mfululizo, mpeleke kwa daktari. Nawe kocha, usimpime mchezaji uzito mbele ya wenzake wala kumtania kwa umbo lake. Baba naye ahakikishe binti arudipo jioni amewekewa chakula cha kutosha: ugali au wali, maharage, dagaa au mayai, mboga za majani na tunda. Wahenga wa mitaani wamekwisha kusema kwamba mwili haujengwi kwa matofali.