Barua Moja kwa Watu Mia Tatu

Wengi wenu mnakumbuka vile barua ya kikundi ilivyokuwa ikiandikwa zamani. Karani anaketi chini ya mwembe, mwenyekiti anamtajia maneno, na katikati ya kurasa mbili kuna karatasi ya kaboni ili nakala ibaki kwenye faili. Stempu inanunuliwa kwa pesa za kikundi. Halafu mnangoja. Wiki sita, miezi miwili, pengine jibu lisije kabisa.

Siku hizi kijana mmoja mwenye simu anaweza kuandika barua kama ile na kuituma kwa watu mia tatu kabla chai haijapoa. Wafanyabiashara, mashirika, wanasiasa na hata wezi wanaitumia njia hii ya barua pepe kila siku. Vikundi vinauliza: je, na sisi tukiandika barua pepe tutapata soko la vyondo, asali na njugu? Jibu letu ni kwamba inategemea hao watu mia tatu ni akina nani, na kama walikubali kuandikiwa. Hebu tuwaangalie wale ambao wameitumia, halafu tuje kwa mambo yetu wenyewe.

Tuanze karibu na nyumbani. Mji wa Tororo uko Uganda, mwendo mfupi tu ukishavuka mpaka wa Malaba. Mwaka 2004 mama mmoja Mmarekani, Jessica Jackley, alikaa Afrika Mashariki miezi michache akifanya kazi na shirika lililosaidia watu maskini kuanza biashara ndogo. Yeye pamoja na Matt Flannery, aliyekuwa mumewe wakati huo, waliona kwamba watu wengi hawaombi sadaka. Wanaomba mkopo ambao wanaweza kuulipa. Kufikia Aprili 2005 walikuwa na wafanyabiashara 7 wa Tororo, mmoja akiuza samaki, mwingine akifuga mbuzi. Mikopo yote pamoja ilikuwa dola 3,500.

Sasa pesa zitoke wapi? Hawakuwa na pesa za kutangaza redioni wala gazetini. Walichukua orodha ya watu waliowaalika kwenye arusi yao, kama watu 300, wakawaandikia barua pepe moja ya kueleza habari za wale watu saba. Katika siku chache tu pesa zote zilipatikana. Baadaye mwaka huo huo mikopo ikalipwa. Hivyo ndivyo shirika la Kiva lilivyoanza, na mikopo iliyopitia kwake tangu siku hizo imepita dola bilioni 2, watu wengi wakikopesha dola 25 tu kila mmoja.

Tazameni orodha ile ilitoka wapi. Mtu uliyemwalika arusini unamjua naye anakujua. Akiona jina lako kwenye barua, ataifungua. Kama wangenunua majina 300 kutoka kwa mtu asiyejulikana, wafuga mbuzi wa Tororo wangengoja sana.

Jambo la pili huwa halisemwi sana, lakini kwetu ndilo kubwa. Kila mkopaji anapolipa sehemu ya deni, mkopeshaji hupata barua pepe ya kumwambia: pesa zako zimerudi kiasi hiki. Ndipo anaulizwa kama angependa kumkopesha mwingine. Yaani ripoti inatangulia, ombi linafuata. Vikundi vyetu vingi hufanya kinyume. Tunaandika tukihitaji, tukishapata tunanyamaza, na mwaka ujao tunaandika tena tukihitaji, halafu tunashangaa mfadhili amechoka.

Hata hapo pana doa. Mwaka 2009 mtafiti mmoja, David Roodman, alieleza kwamba mikopo mingi ya Kiva ilikuwa imekwisha kutolewa kijijini kabla mtu wa ng'ambo hajachagua picha ya mama anayetaka kumkopesha. Kazi ilikuwa ya kweli na mikopo ilikuwa ya kweli, lakini watu walidhani dola zao zinaenda moja kwa moja hadi kwa mama yule wa kwenye picha. Ikabidi Kiva ieleze wazi zaidi. Basi na ninyi, kama pesa za mtu zitaingia katika mfuko wa kikundi kizima, msimwandikie kwamba zinamnunulia mbuzi bi fulani.

Wafanyabiashara wakubwa nao wana njia yao. Inasemekana wa kwanza kabisa alikuwa Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital huko Marekani. Tarehe 3 Mei 1978 alituma tangazo la kompyuta zake kwa watu karibu 400 kwa mara moja, bila kumwuliza hata mmoja. Watu walikasirika, akakemewa asirudie. Lakini yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kompyuta za mamilioni ya dola ziliuzwa kwa sababu ya barua ile. Hapo ndipo shida ilipo: barua zinazoudhi watu huweza kuleta pesa, ndio maana hazijaisha. Huitwa barua taka.

Maduka ya mtandao siku hizi ni werevu zaidi. Ukichagua viatu kwenye simu halafu uache kulipa, kesho unapata barua: umesahau viatu vyako. Barua nyingine hubeba kipicha kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Ukiifungua, kipicha kinaitwa kutoka kwa kompyuta ya mwenye duka, naye anajua umesoma na saa uliyosoma. Tangu 2021 simu za kampuni ya Apple zimeweka kizuizi cha jambo hili, kwa hiyo wauzaji hawawezi tena kuamini hesabu hizo sana. Nafikiri ni vizuri. Postamasta hakuwa akichungulia dirishani kuona kama umefungua bahasha.

Tukija kwa wanasiasa, mfano unaojulikana sana ni ule wa Barack Obama, ambaye babake alikuwa mtu wa Siaya. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2012 kampeni yake ilichanga kama dola milioni 690 kwa njia ya mtandao, na nyingi zilitokana na barua pepe. Kabla ya kutuma barua kwa mamilioni ya watu, wafanyakazi wake walikuwa wakiandika namna nyingi za barua moja, hata 18, wakazijaribu kwa watu wachache kwanza. Ile iliyoleta pesa nyingi ndiyo iliyotumwa kwa wote. Barua moja ya Juni 2012, ambayo kichwa chake kilisema kwamba wapinzani watatumia pesa nyingi kumshinda yeye, ilileta zaidi ya dola milioni 2.6. Waligundua pia kwamba barua zenye mapambo mazuri zilishindwa na barua za kawaida zinazoonekana kama zimeandikwa na mtu kwa rafiki yake. Hilo tunaweza kuiga, na halina gharama. Kutisha watu kila siku, hapana. Mwanasiasa anahitaji watu hadi siku ya kura tu. Ninyi mtaonana na wanunuzi wenu tena mwakani.

Magazeti, shule na vyuo pia hutuma barua za habari, na hizo mnazijua.

Sasa wezi. Njia yao ya kawaida ni barua inayosema kikundi chenu kimechaguliwa kupewa msaada mkubwa, lakini kwanza mtume ada ya kusajiliwa. Mfadhili wa kweli haombi ada ili akupe pesa. Someni anwani iliyoandikia barua, hasa maneno yaliyo baada ya alama ya @. Shirika kubwa linaloandika kutoka anwani ya bure, kama ile anayoweza kufungua mtu yeyote, ni la kutiliwa shaka. Hata anwani ikionekana nzuri, itafuteni ofisi yenyewe na kuipigia kwa nambari mliyoipata kwingine, si ile iliyo ndani ya barua.

Lakini kuna mwizi mwingine anayepitia mlango tuliouacha wazi sisi wenyewe. Kikundi kimoja cha wasusi wa vyondo ninachokijua kiliandika barua nzuri ya bidhaa mpya, picha na bei. Kijana wao akaweka anwani za wanunuzi wote 60 pale juu penye jina la anayeandikiwa. Kila mnunuzi akaona anwani za wenzake wote. Mahali fulani barua ile ikafika katika mikono mibaya. Wiki mbili baadaye mnunuzi mmoja wa Nairobi akapata barua yenye jina la kikundi na picha zilezile za vyondo, ikisema: tumebadilisha nambari ya kulipia. Akatuma shilingi 46,000. Akina mama hawakuona hata senti, na wakalazimika kuchagua kati ya kumpoteza mnunuzi na kumpa vyondo vya bure. Walimpa nusu. Ilikuwa kazi ya miezi miwili ya watu kumi na wanne.

Kumbe dawa ilikuwa ndogo. Penye kuandika anwani kuna mahali palipoandikwa Bcc. Anwani zikiwekwa hapo, kila mtu anapata barua yake na haoni za wengine. Na chini ya kila barua yenu andikeni: hatubadilishi nambari ya kulipia kwa barua pepe, ukiambiwa imebadilika, tupigie kwanza.

Haya basi, kama kikundi kinataka kuanza. Nunueni daftari. Kila mgeni anayenunua au kutembelea, mwulizeni: tukuandikie tukiwa na kitu kipya? Akikubali, andikeni jina, anwani, tarehe na mahali mlipokutana. Hii si adabu tu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia anwani ya mtu kumtangazia biashara bila idhini yake, na akisema basi, ni lazima muache. Kwa picha pia, hasa za watoto, ulizeni kwanza. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila wazazi kukubali.

Anwani ya bure ya Gmail hairuhusu kuandikia zaidi ya watu 500 kwa siku, na kwa kikundi hiyo inatosha kabisa. Wenye orodha kubwa hulipia kampuni za kuwatumia, na tangu 2024 Google imewabana wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku: lazima waweke njia rahisi ya mtu kujiondoa, na wanaolalamika wasifike watatu katika kila elfu. Wakipita hapo, barua zao hutupwa pamoja na taka.

Barua iwe fupi na iseme jambo moja. Kwa mfano, kikundi cha wafuga nyuki:

Kichwa: Asali ya Machi iko tayari, kilo 140

Bwana au Bibi, ulinunua asali kwetu Novemba. Mvua ilichelewa na mavuno ni kidogo kuliko mwaka jana. Tuna kilo 140, bei shilingi 800 kwa kilo. Pesa za Novemba zilitununulia mizinga 6, na mitano imeingia nyuki. Ukitaka asali, jibu barua hii ukitaja kilo ngapi. Kama hutaki tukuandikie tena, jibu kwa neno ONDOA.

Mtaona kwamba imetaja hata ule mzinga mmoja uliokataa. Mnunuzi akisoma hivyo ataamini na zile kilo 140. Picha moja inatosha, tena ndogo, kwa sababu msomaji analipia bando lake.

Msiandike kila wiki. Andikeni mkiwa na mavuno, bidhaa mpya au ripoti. Kwa vikundi vingi hiyo ni mara nne au tano kwa mwaka. Na msisumbue wanachama wenu kwa barua pepe. Wengi hawafungui. Kwa mkutano wa Jumamosi, ujumbe wa simu unafika haraka zaidi. Barua pepe ni ya mnunuzi wa mjini, mtu wa ng'ambo, na ofisi inayotaka maandishi.

Mwisho ni habari ya neno la siri. Tumeona vikundi viwili ambavyo anwani ilifunguliwa na kijana mmoja kwa laini yake mwenyewe. Kijana akapata kazi Mombasa, laini ikapotea, na orodha ya miaka mitatu ikaenda nayo. Fungueni anwani kwa laini ya kikundi. Neno la siri lijulikane na karani na mweka hazina, na liandikwe kwenye karatasi ikae ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, pamoja na daftari la majina. Maafisa wakibadilishwa kwenye uchaguzi, neno libadilishwe siku hiyo hiyo kabla watu hawajatawanyika.