Mbweu ya Ng'ombe na Lishe Yake

Ng'ombe acheuapo hupiga mbweu, na ndani ya mbweu hiyo mna methani, gesi inayochangia pakubwa kuongezeka kwa joto duniani. Wengi hudhani gesi hii hutokea nyuma. La hasha, sehemu kubwa mno hutokea kinywani. Chimbuko lake ni tumbo la kwanza, ambamo vijidudu huchachusha nyasi na kuachilia haidrojeni. Vijidudu vingine huitwaa haidrojeni hiyo na kuunda methani. Nishati iliyomo hupotea hewani, ilhali ingaliweza kuwa maziwa.

Mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha kiungo cha lishe kiitwacho 3-NOP. Kiungo hiki hukizuia kimeng'enya kinachokamilisha uundaji huo, na hupunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa takriban asilimia 30. Hata hivyo, sharti kichanganywe na lishe kila siku. Hakimfai ng'ombe ashindaye malishoni.

Mfugaji mdogo wa Kiambu au Nyandarua, amlishaye ng'ombe zizini, anayo njia iliyo karibu zaidi: shamba lake. Mabingobingo yaliyokomaa kupita kiasi huwa magumu, hukawia tumboni, na methani huwa nyingi kwa maziwa haba. Yakikatwa yangali machanga, yakachanganywa na desmodiamu au kaliandra, maziwa huongezeka na methani kwa kila lita hupungua. Gesi ya ng'ombe mmoja yaweza hata kuzidi, kwani sasa anakula zaidi. Nafuu huonekana pale ng'ombe wawili wanapotoa maziwa yaliyohitaji watatu.