"Inasemekana": Lugha ya Mnong'ono wa Dini katika Siasa, Kutoka Maniema hadi Marekani

Kitenzi "sema" hudai msemaji. Mtu akisema jambo, aweza kuulizwa amelipata wapi, na hata kushtakiwa kwalo. Lakini kitenzi hicho kikinyambuliwa na kuwa "semekana", msemaji hutoweka. Tunabaki na neno lililokwisha kusemwa lakini lisilo na kinywa. Makala haya hayakusudii kurudia yale ambayo vitabu vya sarufi vimeyaeleza kuhusu mnyambuliko huo. Yanakusudia kuonyesha kazi yake katika siasa, hasa pale mtu anapotaka kumwangusha mwenziwe kwa ajili ya dini bila ya yeye mwenyewe kuonekana kuwa ameigusa dini ya mtu.

Kwa msomaji wa Punia, Kindu au Kasongo, mfano wa karibu ni neno la Kifaransa "arabisé". Vita vya mwaka 1892 hadi 1894, baina ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, vilikomesha utawala ambao Tippu Tip na wenziwe walikuwa wameujenga katika Maniema. Nyangwe na Kasongo zote zilitekwa mwaka 1893. Biashara ya watumwa ilikuwapo kweli, wala hakuna faida ya kuificha. Hata hivyo, wengi wa waliobaki baada ya vita, wenye kuswali, kuvaa kanzu na kusema Kiswahili, hawakuwa Waarabu hata kidogo. Walikuwa Wakusu, Wagenya, Wasongola na wengineo, wazaliwa wa nchi hiyo hiyo. Wao wenyewe walijiita waungwana, na ndiko lilikotoka jina la Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo ya mashariki. (Jina hilo nalo lilikuwa na kiburi chake, kwani kila mwungwana alihitaji mshenzi wa kumdharau.) Utawala wa Kibelgiji haukulikubali jina walilojipa. Katika maandishi yake uliwaita "arabisés".

Tulitazame umbo la neno hilo. Ni kitendwa: "aliyefanywa Mwarabu". Kama ilivyo katika "inasemekana", mtenda hatajwi. Lakini hapa yeye hubaki kama kivuli nyuma ya neno. Mtu huyo hakusilimu kwa hiari yake, bali alifanywa; na aliyefanywa na mgeni yadhaniwa kuwa moyo wake uko kwa huyo mgeni. Hakuna mtu aliyelazimika kusema kwamba Mwislamu wa Maniema hakuwa mwaminifu kwa nchi. Neno lilikwisha kusema, tena katika barua za kiserikali, kwa lugha iliyoonekana kuwa ni ya kueleza tu.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Kwa mapatano ya mwaka 1906 kati ya Dola Huru na Vatikano, misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi na jukumu la kuendesha shule. Tangu hapo elimu ya Wakongo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa misheni, hadi mwaka 1954 serikali ilipoanza kuwafungulia shule zisizo za kanisa. Haikuhitajika amri ya kumnyima Mwislamu ukarani. Karani alitoka shuleni, na shule ilikuwa ya misheni. Mzazi aliyechelea mtoto wake asibatizwe alimweka nyumbani au alimpeleka chuoni kusoma Kurani. Baadaye ilisemwa kwamba Waislamu wa Maniema hawapendi elimu. Jumuiya yao ilitambuliwa rasmi na dola mwaka 1972 tu, miaka kumi na miwili baada ya uhuru.

Huenda msomaji akadhani kwamba hayo ni mambo ya ukoloni, na kwamba nchi yenye kura na magazeti huru haina nafasi ya mnong'ono. Marekani yaonyesha vingine. Ibara ya sita ya katiba yao inakataza mtu kupimwa dini kabla ya kupewa cheo cha umma. Lakini mwaka 1928, Al Smith, gavana wa New York na Mkatoliki, alipogombea urais, picha za ujenzi wa Holland Tunnel, njia ipitayo chini ya mto huko New York, zilipitishwa mkono kwa mkono. Ilinong'onwa kwamba njia hiyo ingefika hadi Vatikano ili Papa aje kutawala. Smith alishindwa. Sababu zilikuwa nyingi, uchumi ukiwa mojawapo, lakini John F. Kennedy, Mkatoliki mwingine, alijua vema kwamba mnong'ono ule haujafa. Ndiyo maana mwezi wa Septemba 1960 alikwenda Houston kujieleza mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti.

Barack Obama alikutwa na jambo hilo kwa njia inayotugusa zaidi. Mwezi wa Agosti 2006 alizuru Wajir, kaskazini mwa Kenya, na wenyeji wakamvika vazi la wazee wa Kisomali, kilemba na shuka, kama mgeni wa heshima avikwavyo. Picha hiyo ilitokezea Marekani Februari 2008 katikati ya kampeni, bila maelezo ya ukarimu wa Wajir. Ilitosha kuwa picha. Mnong'ono ulisema kwamba yeye ni Mwislamu aliyejificha, ingawa alikuwa Mkristo.

Tarehe 10 Oktoba mwaka huo, katika mkutano wa hadhara huko Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain, mpinzani wa Obama, kwamba hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alimkatiza na kumjibu kuwa sivyo, kwamba Obama ni raia na mtu mwema mwenye familia yake. Ilikuwa ni uungwana, na wengi walimsifu. Lakini mwanaisimu hana budi kuuliza: je, jibu hilo ni kinyume cha nini? Anayejibu "si Mwarabu, ni mtu mwema" amekanusha habari na kuacha dhana yake mahali pake, kwamba Mwarabu na mtu mwema ni vitu viwili. Siku tisa baadaye Colin Powell, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje, aliikamata dhana yenyewe. Alisema kwamba Obama ni Mkristo, kisha akauliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani?

Swali la Powell halikuulizwa sana Kenya mwaka 2007. Mwezi wa Agosti Raila Odinga alitia saini hati ya maelewano na baraza la viongozi wa Kiislamu. Hati haikutangazwa, na katika pengo hilo ikaenea hati nyingine, iliyodai kwamba ameahidi kuleta sharia. Hati yenyewe ilipotolewa mwishoni mwa Novemba, mwezi mmoja tu kabla ya kura, ilionekana kuzungumzia ubaguzi dhidi ya Waislamu, na uchunguzi juu ya wale waliokamatwa na kupelekwa nje ya nchi.

Hapa Kiswahili kina jambo la kuchekesha kidogo. "Sheria" na "sharia" ni neno moja la Kiarabu. La kwanza limekaa nasi hata likawa kazi ya kila siku ya bunge. La pili limeingia upya, na safari hii limekuja na hofu. Mahakama za kadhi zilikuwamo katika katiba ya Kenya tangu uhuru wa mwaka 1963. Hata hivyo zilipozua ubishi kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010, wapo waliozungumza kana kwamba ni kitu kipya. Maaskofu na wachungaji waliozipinga walifanya hivyo hadharani na kwa majina yao, na hiyo ni hoja, haifai kuchanganywa na mnong'ono. Katiba ilipita kwa takribani asilimia 67 ya kura, na mahakama hizo zimo, katika ibara ya 170.