Kuingia Bandari Usiyoijua

Wasomaji wetu wakaao bara huenda wakadhani ya kuwa hatari kubwa ya baharia iko katikati ya bahari, mahali ambapo nchi haionekani. Mabaharia wenyewe hawasemi hivyo. Katika kilindi chombo kina nafasi ya kwenda huku na huku, na upepo ukizidi nahodha hupunguza tanga akangoja upite. Hatari huanza pale nchi inapoonekana, watu wamechoka, maji ya kunywa yamepungua, na kila mtu ana hamu ya kushuka. Viko vyombo vilivyovuka bahari salama vikaja kuvunjika mbele ya macho ya watu waliotoka kuvilaki. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jinsi chombo kinavyoingizwa katika bandari ambayo nahodha hajapata kuiona, kwa kuwa wako wasomaji wetu wa pwani na visiwani wenye mashua na majahazi yao, tena wako walimu watakaoulizwa habari hizi na watoto wa shule.

Jambo la kwanza si usukani wala tanga, ni saa. Nahodha akichagua saa njema, hata akikosea kidogo bahari humsamehe. Akichagua saa mbaya, ustadi wake wote huenda usimfae kitu.

Kila mtu wa pwani ajua ya kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na ya kuwa kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja maji ya bamvua, ambayo katika pwani yetu hupanda na kushuka kiasi cha futi 10 hata 12. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, nayo hayapandi zaidi ya futi 4 hivi. Lakini si wote wajuao ya kuwa maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme yatapanda futi 12 kwa muda wa saa sita. Saa ya kwanza yatapanda futi 1, ya pili futi 2, ya tatu futi 3, ya nne futi 3, ya tano futi 2, na ya sita futi 1. Basi mkondo una nguvu kupita kiasi katika saa ya tatu na ya nne, na katika mlango mwembamba huweza kuisukuma mashua ubavu hata ikaenda mwambani huku omo yake imeelekea sawasawa.

Imempasa nahodha kuingia maji yakiwa yanapanda, tena yakiwa yamepita nusu. Sababu yake ni hii: chombo kikigusa fungu wakati huo, baada ya muda mfupi maji yatakiinua kiende zake. Bali kikigusa maji yanaposhuka, kitapwelewa, kitalala ubavu, na mawimbi yatakipiga kwa saa nyingi. Ubaya uliopita wote ni kupanda fungu maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, kwa kuwa maji yanayofuata yatakuwa madogo kuliko hayo, nacho chombo huenda kikakaa pale wiki mbili kikingoja bamvua nyingine. (Wenzetu wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hawana kujaa na kupwa kwa namna hii, akipanda mwamba mtu wa huko hana maji ya kungojea, basi na azidi kwenda polepole.)

Pamoja na maji nahodha hana budi kulitazama jua. Mtu aliyesimama omo, au aliyepanda mlingotini, jua likiwa juu au nyuma yake, huisoma bahari kama asomavyo kitabu. Palipo buluu nzito pana kina. Palipo kijani kina kimepungua. Palipo kijani cheupe ni mchanga ulio karibu. Na palipo hudhurungi ni mwamba au majani, na asiyepajua afanye ya kuwa ni mwamba. Jua likiwa usoni pake haoni cho chote ila mng'ao. Pwani yetu yatazama mashariki, na aingiaye bandarini mara nyingi huelekea magharibi; kwa hiyo tangu saa tisa alasiri jua humpiga machoni.

Sasa mambo haya mawili yakiwekwa pamoja huonyesha jambo zuri. Siku za bamvua, huku Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi. Nahodha mwenye akili aweza kutia nanga nje saa nne, akaitazama miamba ikiwa wazi juu ya maji, akaiandika katika karatasi, kisha akaingia kiasi cha saa saba, maji yamepita nusu na jua lingali juu. Siku za maji mafu huwa kinyume: maji hujaa kiasi cha saa nne asubuhi, basi saa tatu ndiyo saa yake, jua likiwa nyuma yake.

Usiku haifai kabisa kwa mgeni. Vasco da Gama na Wareno wake, ambao hawakuijua pwani hii, waliuona ubaya huo. Tarehe 6 Aprili 1498, saa mbili hivi kabla ya mapambazuko, chombo chao kiitwacho São Rafael kilipanda fungu karibu na Mtangata, upande wa Tanga. Walipeleka nanga kwa mashua ili kukizuia, na maji yalipokupwa chombo kikabaki pakavu. Maji yalipojaa kikaelea tena, wakashukuru. Mwezi huo huo, tarehe 24, watu hao hao waliondoka Malindi wakiwa na rubani aijuaye njia, wakavuka bahari yote hata Bara Hindi kwa muda usiotimia siku thelathini, bila kupanda kitu. Siku hizi vijana wakisikia neno rubani hudhani ni mwendesha ndege tu, lakini kwa asili ni mtu huyu, aongozaye chombo mahali anapopajua yeye na nahodha hapajui. Mpaka leo marikebu kubwa ziingiazo Mombasa na Dar es Salaam hulazimishwa kumchukua, na manahodha wake ni watu waliosoma sana. Basi mwenye mashua asione haya kumwita mvuvi wa mahali pale na kumlipa amwonyeshe njia.

Asipopatikana mtu, nahodha atategemea ramani, alama na bildi. Ramani na aisome kabla hajaiona nchi, maana akiwa mlangoni macho yake yatakuwa na kazi nyingine. Huko Mombasa, kwa mfano, mlango uko kati ya miamba miwili mikubwa, Leven upande wa kaskazini na Andromache upande wa kusini, ambayo majina yake ni ya manowari za Kiingereza za miaka ya 1820. Siku hizi viko vyombo vya kupokea habari za setilaiti vimwambiavyo mtu mahali alipo, navyo ni vya ajabu. Lakini ramani nyingine zilipimwa zamani, kabla ya setilaiti, na chombo chaweza kusema kweli huku ramani ikikosea. Macho yakisema mwamba na chombo kikisema maji, yaaminiwe macho.

Alama zilizo bora ni mbili zilizowekwa nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, na usiku ni taa mbili. Nahodha akiziona zimesimama katika mstari mmoja, yumo njiani. Akiona ile ya mbele imesogea kushoto ya ile ya nyuma, ajue ya kuwa yeye ameponyokea kulia, naye apinde kushoto. Yaani siku zote aifuate ile ya mbele. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa mbuyu na mnara wa msikiti.

Maboya nayo yana lugha yake. Kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1980, katika pwani yetu aingiaye bandarini huacha boya jekundu kushoto kwake na la kijani kulia kwake, na atokapo huwa kinyume. Huko Marekani, Japani, Korea na Ufilipino rangi zimegeuzwa, jambo ambalo baharia asafiriye mbali asilisahau. Boya la rangi nyeusi na manjano lenye pia mbili juu yake huonyesha upande wa kupita: ncha zote mbili zikielekea juu, pita kaskazini yake; zikielekea chini, pita kusini. Lakini boya laweza kukatika au kuburutwa na mkondo. Mtu asiweke roho za abiria wake juu ya boya moja.

Bildi ni risasi iliyofungwa katika kamba yenye alama za pima, na pima moja ni futi 6. Chini yake pana tundu litiwalo mafuta magumu au sabuni, ili ipandishe mchanga au tope ya chini, na nahodha ajue kama nanga itashika. Siku hizi kiko chombo kipimacho kina kwa sauti, lakini bildi haihitaji umeme. Baharia mmoja na asimame akiitupa tangu mbali, akitaja pima kwa sauti kuu. Kina kikipungua upesi kuliko ramani isemavyo, kusimama ni bora kuliko kuendelea.

Mdomo wa mto wataka hadhari zaidi. Huko Pangani liko fungu la mchanga mdomoni, na mafungu ya namna hiyo huhama. Tena maji yakiwa yanatoka mtoni na upepo unavuma kutoka baharini, mawimbi husimama mafupi na makali, nayo kwa mtu aliye nje hayaonekani ubaya wake, kwa kuwa huyaona mgongoni tu.

Hapa ndipo penye shida ya kweli, nayo si ya maji, ni ya moyo. Abiria wanung'unika, mwenye mali ataka mzigo wake, watu wa pwani watazama. Nahodha akigeuza omo kwenda nje kungoja kesho, watamwita mwoga. Sisi twasema huyo ndiye nahodha, na jumbe au mwalimu akiwa miongoni mwa abiria, kazi yake ni kuwanyamazisha wale wamhimizao.

Akiisha kuingia, nanga ilikuwa tayari tangu mlangoni, maana upepo ukikatika au mtambo ukizima nanga ndiyo pekee itakayomzuia. Urefu wa kamba na uwe mara tano ya kina, au saba upepo ukiwa mkali, na kina chenyewe kihesabiwe maji yakiwa yamejaa. Akitia nanga katika pima 3 maji yakiwa yamepwa, na bamvua itaongeza pima 2, basi ahesabu pima 5, na kamba isipungue pima 25. Tena akumbuke ya kuwa chombo kitazunguka, kwa hiyo atazame kama nyuma yake pana nafasi. Kisha achague vitu viwili vya nchi kavu vilivyo ubavuni mwake, avione katika mstari mmoja, na kuvitazama tena kila baada ya muda. Vikiachana na hali chombo hakijazunguka, nanga inaburuta.